Mtoto Akifa Ghafla, Tusitafute Mchawi: Tuijue Kansa ya Damu

(Mazungumzo ya afya kwa vikundi vya kujisaidia, Jego. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili myasome tena kikundini.)

Nawashukuru kwa kuacha mashamba na nyavu zenu mkaja hapa. Mwenyekiti ameniomba nisizungumze mpaka jua litue, nami nitajaribu kumtii.

Leo sikuja kusema habari za vyoo wala za maji. Nimekuja kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia matangani: "Mtoto mwenyewe juzi tu alikuwa akicheza!"

Hebu tuchukue mfano. Ni mfano tu, si habari ya nyumba fulani, kwa hiyo mtu asimtazame jirani yake.

Kuna mtoto wa miaka minne. Alikuwa mchangamfu, halafu akaanza kuchoka. Wenzake wakicheza, yeye anakaa chini ya mwembe. Jioni ana homa. Akapelekwa zahanati, akapimwa malaria, ikaonekana anayo, akapewa dawa. Homa ikashuka. Baada ya wiki moja ikarudi, akapewa dawa tena. Usiku akawa analia miguu, bibi yake akamkanda kwa mafuta ya nazi. Mtoto akazidi kupauka mpaka viganja vikawa vyeupe. Hospitali wakamwongeza damu. Ah, akachangamka! Watu wakamshukuru Mungu. Lakini baada ya wiki mbili tatu akapauka tena. Siku moja pua ikatoka damu, ikakataa kukatika. Usiku ule akalalamika kichwa, akatapika, akapata degedege. Kabla ya alfajiri, amefariki.

Sasa sikilizeni maneno ya matangani. Mmoja anasema, "Homa gani hiyo ya kuua usiku mmoja?" Mwingine anasema ni nyuni. Wa tatu, tena kwa sauti ya chini, anauliza, "Na yule bibi alikuwa akimkanda na nini?" Basi neno limeshatoka. Linakwenda kwa mganga, linarudi na jina la mtu, na vijana wanalibeba. Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba hapa Kwale na kule Kilifi wazee wamekatwa mapanga na nyumba zao kuchomwa kwa maneno ya namna hiyo. Hapo nyumba moja inapata vifo viwili, cha mtoto na cha bibi yake.

Nami nawaambia kwamba mtoto wa mfano wetu hakurogwa. Alikuwa na kansa ya damu, ambayo madaktari huiita lukemia. Ugonjwa huo ulikuwa ndani yake kwa wiki nyingi, ukatoa ishara zake zote, nasi hatukuzisoma.

KANSA YA DAMU NI NINI?

Ndani ya mifupa yetu mna uboho, yaani uroto. Mwenye kuchinja mbuzi anaujua. Uboho ndio kitalu cha damu. Kama vile sisi tunavyootesha miche ya mikoko au mikorosho kitaluni kabla ya kuipeleka shambani, mwili huotesha chembe za damu ndani ya uboho, kisha huzitoa mishipani. Humo huota miche ya aina tatu.

Kwanza ni chembe nyekundu. Hizi hubeba hewa safi na kuipeleka mwili mzima. Zikipungua, mtoto hupauka, huchoka na kuhema.

Pili ni chembe nyeupe. Hawa ni askari wa mwili. Wakipungua, kidonda kidogo cha mdomoni kinaweza kumuua mtoto.

Tatu ni chembe ndogo sana za kugandisha damu. Zikipungua, damu hutoka ovyo, puani, kwenye fizi, chini ya ngozi, hata ndani ya kichwa.

Katika lukemia, chembe nyeupe changa huharibika. Haziwi askari, wala hazikomi kuongezeka. Ni magugu yaliyoota kitaluni. Magugu yakijaa, miche ya kweli inakosa nafasi na aina zote tatu zinapungua kwa pamoja. Hii ndiyo sababu mtoto mmoja huwa na homa, na upungufu wa damu, na kutoka damu, yote kwa wakati mmoja.

Mara nyingi hatujui kwa nini mtoto huyu ameugua na yule hakuugua. Lakini tunajua kwamba haiambukizi. Mnaweza kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. Haitokani na chakula alichonyimwa wala na dhambi ya mama. Inaweza kumpata mtoto wa umri wowote, lakini aina iliyo ya kawaida kwa watoto hupenda zaidi umri wa miaka miwili mpaka mitano.

KWA NINI KIFO HUWA CHA GHAFLA?

Ugonjwa wenyewe si wa ghafla. Mlango wa mwisho ndio hufunguka ghafla, na milango hiyo ni hii.

Mlango wa kwanza ni damu kuvuja ndani ya ubongo. Huja na kichwa kuuma, kutapika, degedege, kisha kupoteza fahamu. Sisi tukiona degedege husema nyuni. Mlango wa pili ni vijidudu kuingia katika damu isiyo na askari, na mtoto aliyecheza asubuhi anaweza kuzimia jioni. Mlango wa tatu ni kupungukiwa damu mpaka moyo unashindwa. Na wako watoto wachache ambao tezi huvimba ndani ya kifua zikabana bomba la pumzi, hata mtoto akilazwa chali anashindwa kuhema.

KWA NINI HAIGUNDULIKI?

Ndugu zangu, tuseme kweli bila kumlaumu mtu. Hapa kwetu malaria ni nyingi. Mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu yake, na bado kinachomsumbua kikawa kitu kingine. Kipimo kikionyesha malaria, sote tunatulia. Tumepata jibu! Kumbe tumepata jibu moja tu kati ya mawili.

Tena kile kipimo cha haraka, cha tone la damu na mstari, ni kizuri sana kwa kazi yake. Lakini kinajibu swali moja tu, kama malaria ipo au haipo. Hakiangalii chembe za damu. Anayeziangalia ni mtu wa maabara mwenye darubini, au mashine ya kuhesabu chembe.

Jambo hili si la Jego peke yake. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2015 watoto wapatao 397,000 duniani walipata kansa za aina zote, lakini waliogunduliwa walikuwa kama 224,000. Maana yake, zaidi ya wanne katika kila kumi hawakujulikana ugonjwa wao. Na wengi wa hao walikuwa katika nchi maskini, ambamo sisi tumo. Kwenye vitabu vya hospitali nyingi za Afrika, lukemia ya watoto huonekana kama ni chache kuliko Ulaya. Wataalamu wanaamini sababu moja kubwa ni kwamba watoto hufariki kabla hawajajulikana, wakaandikwa malaria, au upungufu wa damu, au hawakuandikwa kabisa.

Lakini nisije nikawatia hofu bure. Kansa ya damu si ugonjwa wa kila nyumba. Watoto wengi zaidi wetu huuawa na malaria, kichomi, kuhara na uti wa mgongo, na siko seli, ambayo ndugu zetu wa Tanga huiita selimundu, ni nyingi pwani hii na nayo huleta kupauka na maumivu ya mifupa. Kwa hiyo homa ya kwanza ipelekeni kupimwa malaria kama kawaida, siku hiyo hiyo. Ninachowaomba ni kwamba homa ikirudi na kurudi, msikubali jibu lile lile kila mara.

ISHARA ZA KUANGALIA

Katibu, tafadhali andika hizi katika daftari la kikundi.

1. Homa inayorudi kila mara, au isiyoisha, ingawa mtoto amemaliza dawa.

2. Kupauka. Tazameni viganja, ndani ya mdomo wa chini na ndani ya kope. Na kama ameongezwa damu, kisha baada ya wiki chache amepauka tena, ishara hiyo ni kubwa. Chembe nyekundu zenye afya huishi kama miezi minne. Zimekwenda wapi?

3. Kutoka damu puani au kwenye fizi bila kuumia.

4. Mabaka kama ya kupigwa wakati hakupigwa, au vidoa vidogo vyekundu kama ncha ya sindano. Kwa ngozi zetu nyeusi, tazameni nyayo, viganja na ndani ya mdomo. Bonyeza kidoa kwa kidole, na kama hakipotei, hiyo ni damu chini ya ngozi.

5. Mifupa kuuma, hasa usiku. Mtoto aliyekwisha kujua kutembea anachechemea au anataka kubebwa.

6. Tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kinenani, au tumbo kujaa kwa sababu ya bandama na ini.

7. Kuchoka na kukonda bila sababu.

Ishara moja peke yake yaweza kuwa kitu kidogo. Mkiona mbili au tatu pamoja, msingoje siku ya soko wala siku ya kliniki. Na mtoto akiwa anatoka damu isiyokatika, au anahema kwa shida, au amepata degedege, au amelegea hajitambui, hiyo ni dharura. Tafuteni gari au bodaboda usiku huo huo.

TUOMBE KIPIMO GANI?

Akina mama wengi huniambia, "Sisi tutamwambia nini daktari, na sisi hatukusoma?" Semeni hivi, kwa heshima: "Daktari, mtoto huyu ametibiwa malaria mara tatu na homa inarudi. Amepauka na ana vidoa. Tunaomba apimwe hesabu kamili ya damu, na damu yake itazamwe kwa darubini." Basi! Hayo si maneno ya kiburi. Ni haki ya mtoto, na daktari mwema atafurahi kupata mzazi anayekumbuka.

Kipimo hicho hutumia damu kidogo tu. Kikionyesha mashaka, mtoto atapelekwa mbele, ambako watatoa uboho kidogo katika mfupa ili wahakikishe. Kwetu njia ni zahanati, kisha Lunga Lunga au hospitali ya rufaa ya Msambweni, kisha hospitali kuu ya Pwani pale Mombasa. Nairobi iko Kenyatta, na Eldoret iko hospitali ya Moi. Hizo hutibu kansa za watoto. Wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wajue kwamba Dar es Salaam, Muhimbili, kuna wodi ya watoto wenye kansa.

Wakati mnangoja, msimpe mtoto aspirini, maana huzidisha kutoka damu. Msinunue dukani vile vidonge vya prednisoloni ambavyo watu husema ni vya kuongeza hamu ya chakula. Vidonge hivyo huificha lukemia kwa muda, mtoto anaonekana amepona, na kipimo kinakosa kuiona. Wala msimchanje chale mtoto anayetoka damu. Chale moja yaweza kukataa kuganda, au ikaingiza vijidudu.

JE, INAPONA?

Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu watu wakisikia kansa huanza kuchimba kaburi.

Mwaka 1962, ilipofunguliwa hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis, Marekani, katika watoto 100 wenye lukemia ya kawaida ya watoto walipona 4 tu. Leo katika nchi tajiri hupona karibu 90. Lukemia haikubadilika. Kilichobadilika ni kuigundua mapema na kuchanganya dawa vizuri.

Tena moja ya dawa hizo imetoka kwa ua mnalolijua. Ni lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani, asili yake Madagaska. Humo wataalamu walipata dawa iitwayo vinkristini. Lakini nawaonya, msiende kulichemsha! Mmea wenyewe ni sumu. Dawa husafishwa kiwandani na hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Na msidhani elimu hii yote ni ya Wazungu na nchi zao. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Alianza kuuliza ni wapi tena watoto wana uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 za Afrika, hospitali hadi hospitali, wakiuliza. Waliona kwamba kansa ile hupatikana zaidi penye joto na mvua nyingi. Kansa hiyo, ambayo leo ina jina la Burkitt, ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake. Mimi huwa nawaza kwamba yote hayo yalianza na mtu aliyemtazama mtoto mmoja vizuri, akakataa kusema tu "ni shauri ya Mungu."

Lakini sitawaficha upande wa pili. Shirika la Afya Duniani husema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye kansa hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 angalau 60 kati ya 100 duniani wawe wanapona. Kwetu kinachowarudisha watoto nyuma ni kuchelewa, na ni kuacha matibabu katikati. Pale hospitali ya Moi, Eldoret, waliwafuatilia watoto waliogunduliwa kansa kati ya 2007 na 2009. Zaidi ya nusu ya wale ambao mwisho wao ulijulikana walikuwa wameacha matibabu.

Kwa nini wazazi waliacha? Si kwamba hawakuwapenda watoto wao. Matibabu ya lukemia ni ya miaka miwili mpaka mitatu. Nauli peke yake inaimaliza nyumba. Baba anaacha kazi, mbuzi wanauzwa, ndugu wadogo wanabaki bila mtu. Halafu mtoto anapata nafuu, mzazi anasema amepona, anabaki nyumbani. Kumbe magugu bado yana mizizi kitaluni.

KAZI YA KIKUNDI

Hapa ndipo nyinyi mnapoingia. Daktari hawezi kumlipia mtoto nauli kutoka Jego. Kikundi kinaweza.

Kwanza, bima. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini huwa inatakiwa ilipwe kwa mwaka mzima. Shilingi 3,600 kwa mara moja ni nyingi kwa mama wa samli au wa makuti. Basi kwa nini mzunguko wa kikundi usiwe na zamu ya bima? Kila mwezi mkamlipia mmoja. Kujiandikisha mtoto akiwa mahututi tayari ni kuezeka nyumba mvua inanyesha.

Pili, mfuko wa dharura wa nauli, uliotengwa na mkopo wa biashara. Mweka hazina auweke kando, na usiguswe kwa ajili ya arusi.

Tatu, damu. Mtoto wa lukemia huhitaji damu mara kwa mara, na zile chembe za kugandisha hukaa siku chache tu zikishatolewa. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kutoa. Kikundi cha vijana kikienda pamoja mara mbili tatu kwa mwaka, kitaokoa hata akina mama wazazi.

Nne, daftari. Mwandikieni mzazi kila tarehe ya homa, dawa aliyopewa, na damu aliyoongezwa. Daktari akisoma karatasi moja yenye homa tano, atawaza jambo ambalo homa moja moja haikumwazisha.

Tano, kumlinda mzee. Matanga yakianza kunong'ona, mtu wa kikundi asimame aseme, "Tulimwona mtoto akipauka kwa wiki sita. Huu ulikuwa ugonjwa." Wakristo mnakumbuka katika Injili ya Yohana wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na jibu alilowapa halikumlaumu kipofu wala wazazi wake. Alimponya. Na Waislamu mnajua uzito wa kumsingizia mtu asiye na hatia. Kanisa na msikiti hapa tuko safu moja.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali la mama mmoja: Je, bibi akimkanda mtoto miguu amemdhuru?

Jibu: Hapana, mama. Alimpa upendo aliokuwa nao. Lakini akiona mtoto analia miguu kila usiku na ana homa, bibi ndiye wa kwanza kusema, "Mpelekeni." Jicho la bibi huona kabla ya mashine.

Swali la mzee mmoja: Na kama tulikwisha kumzika mtoto wa namna hiyo, na hatukujua?

Jibu: Mzee wangu, pole. Kutojua si kosa lenu, na hata wenye vyeti hupitwa. Pengine ulikuwa ugonjwa huu, pengine mwingine, hakuna awezaye kusema sasa. Lakini kama kuna mtu aliyetajwa kwa kifo kile, na hadi leo hamsalimiani, nenda ukamsalimie. Hiyo nayo ni dawa.

Swali la kijana: Je, tumwache mganga kabisa?

Jibu: Mganga asiwe mlango wa kwanza, wala asiwe sababu ya kuchelewa hata siku moja. Na akikutajia jina la mtu, usilibebe.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nani mwenye gari au pikipiki anayekubali kuamshwa usiku? Andikeni namba yake.

2. Wanachama wangapi hawana bima, na zamu itaanza na nani?

3. Ni nani atakayesimama matangani kumtetea mzee anaponong'onwa?

Nimemaliza. Mungu awalinde watoto wa Jego, na wazee wao pia.